Spidiwei na magari ya stoku katika uwanja mmoja: mpango upi unaoulinda uwanja?

Viwanja vidogo vya mbio nchini Uingereza vimekuwa vikipungua kwa miaka mingi, na vingi havikufungwa kwa kukosa watazamaji pekee, bali kwa sababu ardhi iliyo chini yake ilipanda thamani kuliko mbio zilizofanyika juu yake. Brandon, karibu na Coventry, uliendesha mbio zake za mwisho 2016. Wimbledon jijini London ukafungwa Machi 2017. Peterborough ikafuata 2023. Kila uwanja wa namna hiyo unapotishiwa, mashabiki wa spidiwei, yaani mbio fupi za pikipiki kwenye changarawe, na mashabiki wa magari ya stoku, yaani mbio za magari ya kugongana, hujikuta katika kikao kimoja, ingawa kwa kawaida kila kundi huja uwanjani kwa siku yake. Swali linalowakabili huwa ni lilelile: tugawane uwanja au kila mmoja atafute pake, na kama tutagawana, iwe kwa mpango gani?

Makala haya yanalinganisha mipango mitatu ambayo imekwisha kujaribiwa huko: njia moja ya changarawe inayotumiwa na michezo yote miwili, njia mbili ndani ya uwanja mmoja, na uwanja wa pikipiki peke yake. Yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeombwa kutia saini, kuchanga fedha au kuingia katika kamati ya kuokoa uwanja wa mji anaoishi, awe mwenyeji au mhamiaji. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji aupime anapoendelea: njia mbili ndani ya uwanja mmoja ndio mpango bora pale ardhi inapotosha, lakini hakuna mpango utakaouokoa uwanja ambao mwenye ardhi hana nia na mbio.

Kila mchezo unaleta nini

Msomaji aliyekulia na Safari Rally, ambayo tangu 1953 imekuwa ikiyaachia magari moja baada ya jingine ili yashindane na saa, ataiona spidiwei kuwa mchezo wa namna nyingine kabisa. Waendeshaji wanne husimama sambamba nyuma ya utepe, utepe ukifyatuka wote huondoka kwa pamoja, na mizunguko minne ya kuelekea kushoto humalizika kwa dakika moja hivi. Pikipiki ina injini ya sentimita za ujazo 500 inayotumia methanoli, ina gia moja, na haina breki. Mwendeshaji huipunguza kasi kwa kuilaza na kuitelezesha kwenye kona, huku mguu wake wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, ukiburuzwa juu ya changarawe. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa nne hapati kitu. Baada ya mbio 15 pointi hujumlishwa ili kujua timu iliyoshinda, kwa maana spidiwei ya Uingereza ni ligi ya timu, na kila timu ina mji wake: Ipswich, King's Lynn, Sheffield, Belle Vue ya Manchester.

Magari ya stoku hayana timu ya mji. Katika daraja la juu, yaani Formula 1 ya BriSCA, chama cha magari ya stoku cha Uingereza (si ile Formula 1 maarufu duniani), gari huundwa mahususi kwa ajili ya viwanja vya aina hii, likiwa na injini kubwa ya V8, uzito unaozidi tani moja, na bampa nzito za chuma mbele na nyuma, kwa sababu kumgonga aliye mbele ili kumwondoa njiani kunaruhusiwa na kanuni. Paa hupakwa rangi kulingana na kiwango cha dereva: nyeupe kwa wa chini, kisha njano, bluu na nyekundu, na dhahabu kwa bingwa wa dunia. Wa viwango vya chini huanza mbele na mahodari huanza nyuma, hivyo kila mbio huwa ni kazi ya mahodari kupenya katikati ya vyuma. Chini ya daraja hilo kuna Formula 2 zenye injini ndogo, kuna magari yasiyoruhusiwa kugongana, kuna magari madogo ya watoto kuanzia miaka 10, na kuna mikweche, magari ya kawaida yaliyong'olewa viti na vioo ambayo hugongwa hadi yasitembee tena.

Tofauti inayomhusu mtunza hesabu za uwanja iko katika gharama. Mwendeshaji wa spidiwei hulipwa kwa pointi anazopata, na wengi wao ni watu wa kulipwa wanaotoka Australia, Denmark, Poland na kwingineko, kwa hiyo promota hubeba mzigo wa malipo hata usiku ambao mvua imepunguza watazamaji. Dereva wa stoku, kinyume chake, kwa kawaida ni fundi, mkulima au mwenye karakana anayegharimia gari lake mwenyewe na kushindania zawadi isiyoweza kurudisha hata bei ya matairi. Usiku mmoja wa magari una gharama ndogo za washindani, una magari 20 au zaidi njiani kwa wakati mmoja, na kila dereva huja na mafundi, ndugu na marafiki wanaokula na kunywa uwanjani. Ndiyo maana klabu ya spidiwei inaweza kufilisika katikati ya msimu huku magari yakiendelea na ratiba yao katika uwanja uleule.

Hata hivyo, spidiwei huleta kitu ambacho magari hayawezi kukileta kwa urahisi, nacho ni jina la mji. Shabiki wa stoku hulifuata daraja lake na dereva wake kutoka uwanja hadi uwanja, na uwanja mmoja ukifungwa ataumia lakini atasafiri hadi mwingine. Shabiki wa Coventry Bees, timu ya spidiwei iliyokimbia Brandon, hana Coventry nyingine ya kwenda. Halmashauri inapopokea maelfu ya barua za kupinga ujenzi wa nyumba, uzito wa barua hizo unatokana na watu wanaoweza kusema kwamba babu, mama na wao wenyewe wameishangilia timu moja mahali pamoja.

Kalenda nazo zinaafikiana vizuri kuliko mtu angetarajia. Waendeshaji wengi wa ligi ya juu ya Uingereza hushindana pia Poland na Sweden, na ligi ya Poland huchukua Ijumaa na Jumapili, hivyo spidiwei ya Uingereza imejikuta ikikimbia zaidi siku za Jumatatu na Alhamisi. Jumamosi na Jumapili hubaki wazi kwa magari, ambayo watazamaji wake wengi ni familia zenye watoto wasioweza kukesha siku ya shule. Uwanja wenye michezo yote miwili hupata mapato ya katikati ya wiki na ya mwishoni mwa wiki bila mmoja kumnyang'anya mwenzake siku yake.

Uhusiano huu si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 spidiwei ilikuwa imeelemewa na kodi ya burudani, na timu ya New Cross, kusini mwa London, ilikuwa imejiondoa kwenye ligi 1953. Mbio za kwanza za magari ya stoku nchini Uingereza zilifanyika katika uwanja huohuo wa New Cross, Ijumaa Kuu ya tarehe 16 Aprili 1954, zikiandaliwa na promota Digger Pugh. Mchezo mpya ulianzia moja kwa moja katika nafasi iliyoachwa na mkongwe, na tangu siku hiyo historia ya mmoja haiwezi kuandikwa bila mwingine.

Mpango wa kwanza: njia moja ya changarawe

Huu ndio mpango wa kizamani, na King's Lynn huko Norfolk ni mfano wake ulio hai. Spidiwei ilianza pale 1965, na changarawe hiyohiyo imekwisha kubeba Fainali ya Dunia ya Formula 1 ya BriSCA mara kadhaa. Brandon nao ulikuwa hivyo: spidiwei tangu 1928, magari ya stoku tangu 1954, na mashindano ya Grand Prix ya spidiwei ya Uingereza kuanzia 1998 hadi 2000. Mpango huu hauhitaji ardhi ya ziada, watazamaji wanakaa karibu na mbio za aina zote mbili, na hakuna mchezo unaoonekana kuwa mgeni.

Gharama yake iko chini ya magurudumu, na kinachotokea kati ya Jumamosi ya magari na Alhamisi ya pikipiki kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Gari linalozidi tani moja, likisukumwa na injini ya V8, haliigusi changarawe kama pikipiki ya kilo 77, linaichimba. Ifikapo mbio ya mwisho, mstari wa ndani wa kona huwa umeliwa, na changarawe iliyotoka humo imerundikana upande wa nje, chini ya ukuta, ikiwa imechanganyika na vipande vya bati, nati na mabaki ya oili. Watunza njia huanza kwa kuokota vyuma, kwa sababu kipande kimoja kikisahaulika kinatosha kupasua tairi la mwendeshaji asiye na breki. Kisha trekta huikwangua changarawe ya nje na kuirudisha ndani kidogo kidogo, boza hupita likinyunyiza, njia hushindiliwa, hunyunyizwa tena, na kuachwa inywe maji. Yakizidi maji, gurudumu la nyuma hushika ghafla na kumrusha mwendeshaji. Yakipungua, vumbi humfumba macho anayefuata nyuma. Mashimo ambayo dereva wa stoku hayahisi kabisa ndani ya gari lake yanaweza kumvunja mfupa wa bega kijana wa miaka 19 juu ya pikipiki.

Uzio nao ni tatizo jingine. Spidiwei hutumia uzio wa hewa kwenye kona, mito mikubwa iliyojazwa upepo ili kumpokea mwendeshaji aliyeanguka, na mito hiyo haiwezi kustahimili bampa ya chuma. Kwa hiyo kila unapobadilishwa mchezo, uzio lazima uondolewe na urudishwe, kazi ambayo katika viwanja vingi hufanywa na watu wa kujitolea wanaotoka kazini jioni. Anayeuchagua mpango huu asidhani kwamba anapata uwanja wa bei nafuu. Anachokipata ni uwanja unaodai mikono mingi, na penye upungufu wa mikono, waendeshaji wa spidiwei ndio wa kwanza kulalamika, na wana haki ya kulalamika.

Mpango wa pili: njia mbili, uwanja mmoja

Foxhall, nje kidogo ya Ipswich, una njia ya changarawe ya spidiwei kwa ndani, na njia ya lami ya magari inayouzunguka kwa nje. Ipswich Witches hukimbia Alhamisi juu ya changarawe, na Spedeworth, kampuni inayoandaa mbio za magari na kuuendesha uwanja, hutumia lami siku nyingine, ikiwa ni pamoja na Fainali ya Dunia ya magari ya National Hot Rod, ambayo hayaruhusiwi kugongana na ambayo kasi yake ingepotea bure juu ya changarawe. Arlington, karibu na Eastbourne, umepangwa kwa namna hiyohiyo.

Faida ya kwanza ni kwamba kila mchezo unaacha uwanja ukiwa salama kwa mwenzake. Mtunza changarawe haamki Jumapili akikuta kona yake imeliwa, na promota wa magari haombwi kuahirisha tukio ili njia ipumzike. Faida ya pili, ambayo huonekana siku ya shida, ni kwamba mchezo mmoja ukisimama, mwingine unaendelea kulipa taa, bima na walinzi. Eastbourne Eagles walijiondoa katikati ya msimu wa 2021, lakini Arlington haukugeuka gofu, kwa sababu magari yaliendelea kuzunguka lami ile. Uwanja ulio wazi unaweza kurudiwa na timu. Uwanja uliofungwa huibiwa nyaya na mabati ndani ya miezi michache, na gharama ya kuufufua hupanda kila wiki.

Hasara zipo, na shabiki wa spidiwei huzihisi kuliko mwingine. Upana wote wa lami unakaa kati yake na pikipiki, hivyo ile changarawe inayorushwa kifuani mwa mtazamaji wa King's Lynn, ambayo kwa wengi wetu ni sehemu ya utamu wa mchezo, haimfikii. Njia ya ndani huwa na nafasi ndogo ya kupanuliwa, kwa hiyo umbo la kona haliwezi kurekebishwa kwa urahisi kanuni zinapobadilika. Mpango huu pia unahitaji ardhi ambayo viwanja vingi vya mjini, vilivyobanwa na barabara na nyumba, havina kabisa.

Zaidi ya hayo, lami ikitangulia peke yake, changarawe inaweza isirudi tena. Odsal huko Bradford uliandaa Fainali ya Dunia ya spidiwei 1985 na 1990, na timu yake ilikuwa bingwa wa ligi 1997, mwaka ambao spidiwei iliondoka pale. Magari ya stoku yalirudi Odsal 2021 juu ya njia mpya ya lami, jambo la kufurahisha kwa uwanja ambao pia ni makao ya klabu ya ragbi ya Bradford Bulls, lakini ligi ya spidiwei haikurudi pamoja nayo. Kamati inayopanga kuweka lami kwanza na kusubiri fedha za changarawe baadaye ijue kwamba neno "baadaye" halina tarehe, na iandike changarawe katika mkataba tangu siku ya kwanza.

Mpango wa tatu: pikipiki kwake

Manchester ndiyo inayotoa mfano wa kufikiriwa hapa. Belle Vue Aces walikimbia Hyde Road, uwanja mkubwa walioutumia pamoja na magari, hadi ulipofungwa 1987. Kuanzia 1988 wakahamia uwanja wa mbwa wa mbio wa Kirkmanshulme Lane, ambao baadaye nao ulipokea magari ya stoku. Na 2016 wakaingia Uwanja wa Taifa wa Spidiwei, uliojengwa kwa ajili yao na kwa fedha ambazo halmashauri ya jiji ilizishiriki. Usiku wa ufunguzi, tarehe 19 Machi 2016, mbio zilifutwa mbele ya umati kwa kuwa njia haikuwa katika hali ya kukimbiwa salama. Baada ya mwanzo huo mgumu, uwanja umekuwa fahari ya mchezo: Uingereza ilitwaa Speedway of Nations, mashindano ya dunia ya timu za taifa, pale 2021, Aces wakawa mabingwa wa ligi 2022, na Grand Prix ya Uingereza ikahamia pale kutoka Cardiff 2025.

Kwa ubora wa mbio, sina hoja dhidi ya mpango huu. Njia iliyochorwa kwa ajili ya pikipiki pekee, ikitunzwa na watu wasio na kazi nyingine, hutoa mbio ambazo aliye nyuma anaweza kumpita aliye mbele kwa ndani au kwa nje, na hilo ndilo linalomrudisha mtazamaji wiki inayofuata. Lakini tuangalie kilichotokea upande wa pili wa barabara. Kirkmanshulme Lane, uwanja ambao mbio za kisasa za mbwa nchini Uingereza zilianzia Julai 1926, ulibaki na mbwa na magari baada ya Aces kuondoka, na baada ya miaka michache ukafungwa na ardhi yake ikaelekezwa kwenye nyumba. Sisemi kuondoka kwa pikipiki ndiko kulikouua, kwa maana biashara ya mbwa ilikuwa inadhoofika yenyewe. Ninachosema ni kwamba jiji lilipata uwanja mmoja mzuri na kupoteza mmoja wa zamani, na mashabiki wa stoku wa Manchester, waliokuwa sehemu ya historia ileile, ndio waliobaki bila makao. Miji michache sana ina halmashauri yenye uwezo na utashi wa kujenga uwanja wa mchezo mmoja, na kuusubiri uwanja kama huo ni kujipa matumaini yasiyo na msingi.

Kelele: jambo ambalo kila mpango unapaswa kulijibu

Kugawana uwanja huongeza siku za mbio, siku huongeza mapato, na pia huongeza usiku ambao jirani hawezi kukaa bustanini kwake. Kesi iliyoamua mengi juu ya hili ilihusu Mildenhall Stadium huko Suffolk. Spidiwei ilikuwa imeanza pale miaka ya 1970 kwa kibali, magari ya stoku na mikweche yakafuata katika miaka ya 1980, kisha mbwa, na nyuma ya uwanja njia ya motokrosi. Watu wawili walionunua nyumba jirani 2006 walifungua shauri la kero ya kelele; Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu, na Februari 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikairejesha.

Kamati nyingi husikia habari hiyo na kuishia kulalamika kwamba mtu hawezi kununua nyumba karibu na uwanja kisha akaulalamikia. Mahakama ilisema kwamba kwa kawaida anaweza: kuhamia karibu na kero si utetezi wa mwenye kero, na kibali cha matumizi ya ardhi chenyewe hakimnyang'anyi jirani haki yake. Lakini majaji walisema pia kwamba mahakama zisiwe na haraka ya kutoa amri ya kuzuia shughuli pale ambapo fidia ya fedha inaweza kutosha, na kwamba kibali, pamoja na manufaa ya shughuli hiyo kwa umma, vinaweza kuangaliwa katika uamuzi huo. Kwa lugha ya uwanjani, hukumu ile haikuua mbio, bali ilimfundisha kila promota kuhesabu siku zake, kupima desibeli, na kuandika saa ya kuzima injini.

Katika jambo hili, pikipiki na magari si sawa. Mbio za spidiwei ni fupi, zina mapumziko kati yake, na jioni nzima ina kama dakika 15 tu za injini kunguruma kwa nguvu zote. Siku ya mikweche ina kelele ndefu zaidi, pamoja na vishindo, na mara nyingi huanza mchana wa Jumapili. Anayelinganisha mipango asihesabu matukio tu, ahesabu dakika za injini, kwa sababu uwanja wenye Alhamisi 20 za spidiwei na Jumamosi 12 za stoku unaweza kutetewa mbele ya majirani, wakati uwanja unaojaza kila nafasi iliyo wazi kwa mikweche utawapa majirani hao wakili.

Mwenye ardhi

Wimbledon ulikuwa na kila kitu ambacho nadharia ya kugawana inakitaka: mbwa, magari ya stoku, na kwa miaka mingi spidiwei, ambayo ilianza pale 1928. Spidiwei iliondoka 2005, wiki chache za mwisho za Machi 2017 zikajaa watu waliokuja kuaga, na leo pamesimama uwanja wa soka wa AFC Wimbledon pamoja na majengo ya makazi. Michezo mitatu haikuweza kuushinda uamuzi wa mwenye ardhi ya London.

Brandon ulifuata njia nyingine, na ndiyo inayonipa matumaini. Uwanja uliuzwa kwa kampuni iliyokusudia kujenga nyumba zaidi ya 100 pamoja na kiwanja cha nyasi bandia. Mashabiki wa pikipiki na wa magari hawakuunda kamati mbili; waliunda moja, ambayo jina lake lenyewe linataja michezo yote miwili. Sera ya taifa ya mipango ya ardhi inasema kwamba uwanja wa michezo usijengwe nyumba isipokuwa ionyeshwe wazi kwamba hauhitajiki, au upatikane mbadala ulio sawa au bora zaidi, au mchezo mwingine utakaowekwa pale uwe na manufaa yanayozidi hasara. Kampuni ilipodai kwamba uwanja hauhitajiki, kamati iliweza kujibu kwa sauti ya michezo miwili yenye mashabiki wake, madereva wake na mapato yake, na swali la kama Brandon ungeweza kuendeshwa kwa faida likapata majibu mawili badala ya moja. Halmashauri ya Rugby, wilaya ulimo uwanja huo, ilikataa maombi Novemba 2022, na rufaa ya kampuni ikatupwa baada ya uchunguzi wa hadhara. Majukwaa yameharibiwa na moto na wizi, na mbio hazijarudi, lakini nyumba hazijajengwa.

Ipo pia Sheria ya Localism ya 2011, inayowaruhusu wakazi kuomba uwanja uorodheshwe na halmashauri kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye uwanja ulioorodheshwa anapotaka kuuza, wakazi wanaweza kudai muda wa miezi sita wa kuandaa ofa yao. Sheria haimlazimishi kuwauzia wao, na orodha hudumu miaka mitano tu, kwa hiyo kamati iliyoorodhesha uwanja na kwenda kulala itashtuka muda umepita.

Kwa hayo yote, ushauri wangu kwa anayechagua ni huu. Penye ardhi ya kutosha na promota wa magari aliye tayari kuwekeza, chagua njia mbili, na udai changarawe na lami katika mkataba mmoja. Penye njia moja ya changarawe tayari, usiibomoe kwa kutafuta kilicho bora; igawaneni, lakini mkataba useme ni nani analipa boza, trekta na uzio wa hewa, na uweke angalau siku tatu kati ya magari na pikipiki. Uwanja wa mchezo mmoja uungwe mkono pale tu halmashauri imekwisha kutenga fedha, na pale tu mchezo unaoachwa nyuma umepewa mahali pa kwenda.

Kabla ya kutia saini au kutoa fedha, muulize promota mkataba wake wa pango umebakiza miaka mingapi, na kama una kipengele kinachomruhusu mwenye ardhi kuuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja. Kama kipengele hicho kipo, fedha za kwanza za kamati zisiende kwenye rangi ya majukwaa wala taa mpya, ziende kwa mwanasheria. Na mwenye uwezo wa kununua tiketi mbili tu kwa mwezi, anunue moja ya Alhamisi na moja ya Jumamosi.